Ustadi wa Kuchagua Kipimasumaku

Katika vyombo vyote ambavyo fundi hushika mkononi, ni nadra kupatikana kinachodai busara nyingi kabla ya kununuliwa kama kipimasumaku. Kwa kuwa uga wa sumaku hauonekani kwa jicho, hausikiki kwa sikio, wala hauguswi kwa kidole, na mwenye kuupima hana shahidi isipokuwa ile namba inayotokea juu ya kioo cha chombo chenyewe. Kwa sababu hiyo nawastahi sana mafundi ambao, ilhali fedha zao ni haba, huweza kuchagua chombo cha bei nafuu na kukifanya kiseme kweli.

Sharti la awali ni kujua ni uga wa namna gani unaotafutwa. Sumaku ya spika ina uga uliotulia. Waya wa umeme wa nyumbani, kwetu Afrika Mashariki, una uga unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Na vyombo vya bei ndogo aghalabu hupima kimoja tu kati ya hivyo viwili. Chenye koili ndani yake hufuata kanuni aliyoidhihirisha Michael Faraday mwaka 1831, kwamba umeme huzaliwa katika koili pale tu uga unapobadilika. Basi ukikiweka kimya mbele ya sumaku kali kitasoma sifuri, wala hakina hatia. Uga uliotulia wataka kitambuzi cha nasaba nyingine, yaani kile kitokanacho na jaribio la Edwin Hall, ambaye mwaka 1879, angali mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alipitisha mkondo katika jani jembamba la dhahabu lililobandikwa juu ya kioo, akalitia baina ya ncha za sumaku ya umeme, akaona volti ndogo ikizuka kukingama njia ya mkondo. Leo mahali pa dhahabu ile pameshikwa na punje ya semikonda, na bei yake imekuwa hafifu hata imo ndani ya vyombo visivyo na idadi.

Kisha hufuata upeo wa kupima. Uga wa dunia yetu, ambao Carl Friedrich Gauss mwaka 1832 aliupima kwa upau wa sumaku ulioning'inizwa kwa uzi, hauzidi sana nusu gausi; uso wa sumaku ndogo ya neodimiamu waweza kufika gausi elfu kadhaa. Kitambuzi cha dira kilichomo katika simu huusoma vyema ule wa dunia, lakini kikikaribishwa na sumaku hiyo hushiba na namba zake hazina maana tena. Na kipimo kilichoundwa kwa maelfu ya gausi hakiwezi kutofautisha uga mdogo na sifuri.

Kwa anayechunguza nyaya na transfoma, mashauri ni marefu zaidi. Vipimo vya koili moja ni rahisi kuliko vya koili tatu, nami sioni aibu kuvichagua, maadamu mwenye chombo ana subira ya kukigeuza katika mielekeo mitatu iliyo sawasawa kama kingo za sanduku zinazokutana pembeni, azidishe kila namba kwa nafsi yake, ajumlishe, kisha atafute kipeuo cha pili: 3, 4 na 12 zitampa 13. Mwenye haraka na atoe fedha zaidi. Lakini kuna jambo wauzaji wachache hulitaja: koili isiyorekebishwa hutoa umeme kwa kadiri ya wepesi wa mageuko, hivyo chombo kilichosawazishwa kwa umeme wa Marekani, wa mizunguko 60 kwa sekunde, kikiletwa Tanga au Mombasa kitasoma pungufu kwa sehemu moja katika sita. Yafaa kuuliza habari hiyo kabla ya kulipa.

Hapa ndipo ufundi wenyewe unaponipendeza mno, kwa sababu mtu asiye na maabara aweza kukihoji chombo chake kwa waya mmoja. Na anyooshe waya wa mita mbili au zaidi, waya wa marejeo akiupitisha mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, kwani nyaya mbili zikilala pamoja nyuga zao hufutana. Kisha apitishe mkondo geu wa ampea 5 kutoka transfoma ya volti chache. Kwa umbali wa sentimita 10 uga ni mikrotesla 10, sawa na miligausi 100, na kwa sentimita 20 ni nusu yake. Ikiwa namba ya pili si nusu ya ile ya kwanza, yamkini koili imekaa ndani zaidi ya uso wa chombo, na kwa hesabu fupi mahali pake patajulikana na kutiwa alama ya wino juu ya kasha. Kosa likibakia lile lile kwa kila umbali, mathalani chombo kikasoma 90 mahali pa 100 na 45 mahali pa 50, halidhuru: kipande cha karatasi kigandishwe mgongoni, kiandikwe tarehe na kiasi cha kuzidishia, na kazi iendelee.