Usisingizie lugha wimbo ukishindwa

KUNA hoja inayorudiwa sana na wanamuziki wetu chipukizi: eti wimbo hauvuki mipaka usipoimbwa kwa Kiingereza. Hebu tuipime hoja hii kwa matokeo ya Eurovision, shindano la nyimbo linalopeperushwa kwenye televisheni tangu 1956, ambalo nchi za Ulaya ndizo washiriki wake wakuu.

Kati ya 1977 na 1998, kanuni ziliwataka washiriki waimbe kwa lugha za nchi zao. Mwaka wa 1999 sharti hilo likaondolewa. Kuanzia hapo hadi 2006, kila wimbo ulioshinda ulikuwa na Kiingereza, aidha wote au sehemu yake. Waliohofia kwamba lugha nyingine zingemezwa walikuwa na sababu.

Hata hivyo, 2007 Marija Šerifović alishinda kwa Kiserbia. Mwaka wa 2017, Salvador Sobral aliipa Ureno ushindi wake wa kwanza kwa Kireno, akizoa alama 758. Matokeo ya 2021 yanasema mengi zaidi. Italia, Ufaransa na Uswisi zilitwaa nafasi tatu za kwanza. Italia kwa Kiitaliano, hizo nyingine kwa Kifaransa. Majopo ya waamuzi yaliiweka Uswisi mbele, watazamaji wakaichagua Italia. Walitofautiana kuhusu wimbo bora, lakini hakuna upande ulioweka wimbo wa Kiingereza kileleni.

Tusipige chuku lakini. Ukraine iliposhinda kwa Kiukreni mwaka wa 2022, alama 439 kati ya 631 zilitoka kwa watazamaji, na ni vigumu kuutenga ushindi huo na vita vilivyokuwa vikiendelea. Isitoshe, washindi wa 2023, 2024 na 2025 waliimba kwa Kiingereza. Kwa hivyo, matokeo haya hayathibitishi kuwa lugha ya nyumbani huleta ushindi. Yanathibitisha tu kuwa haiuzuii.

Kwetu Kenya, 'Jambo Bwana' ya Them Mushrooms ilivuka mipaka kwa Kiswahili chepesi kabisa. Nayo Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hadhi hiyo, hata hivyo, haimtungii mtu wimbo. Kinachohitajika ni mashairi yaliyopikwa yakaiva, matamshi safi na lahani inayooana na maneno. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Msanii ambaye wimbo wake haukupendwa aanze kwa kuukagua utunzi wake, kabla ya kukilaumu Kiswahili.