Mwendo wa Skrini Hupimwa kwa Utulivu

Anayetaka kujua kama skrini ya kugusa ya mashine ya kufulia au printa imetoka mikononi mwa fundi anayeijua kazi, asianze kwa kuuliza inaonyesha fremu ngapi kwa sekunde. Namba hiyo ni ya wauzaji. Jicho huridhika zaidi na fremu 30 zinazofuatana sawasawa, kila moja baada ya milisekunde 33, kuliko fremu 60 zinazokwenda vizuri kisha moja ikakaa ghafla milisekunde 50, kwa sababu mkwamo huo mmoja ndio unaoonekana. Basi buruta ukurasa pembeni polepole, maana kasi huficha makosa, na utazame kingo zilizo wima. Zikikatika, sehemu ya juu ikatangulia ya chini, ujue picha mpya inaandikwa wakati skrini bado inasoma ya zamani. Fundi makini hutenga bafa mbili, moja ya kuandikia na moja ya kusomwa, akazibadilisha skrini imalizapo kusoma, au husubiri ishara ya skrini ndipo aandike.

Watetezi wa vifaa vya bei nafuu watasema tunawaonea, na hoja yao ina uzito. Skrini ya pikseli 320 kwa 240 yenye rangi za biti 16 hudai biti 1,228,800 kwa kila picha kamili. Njia ya SPI ya megahezi 40 huzipitisha kwa takriban milisekunde 31, kazi ya kuchora ikiwa bado haijahesabiwa. Fremu 60 hapo hazipatikani. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayomtia hatiani mbunifu, kwa kuwa angeweza kuipiga kabla ya kuanza. Akisogeza robo tu ya skrini, mzigo wa kutuma unashuka hadi robo. Chipu ya skrini kama ILI9341 ina hata amri ya kusogeza picha kwa wima bila kuituma yote upya. Anayetaka ukurasa mzima ufifie juu ya mwingine, kila pikseli ikichanganywa upya, amechagua pambo lisilolingana na chombo chake. (Tena kufifia kwingi ni uvivu: hakumwambii mtumiaji ametoka wapi.)

Wapo wanaosema mashine haihitaji madoido: kitufe kikibonyezwa, ukurasa ubadilike, basi. Kwa kurasa mbili tatu, sawa. Penye menyu ndani ya menyu, ukurasa unaoingia kutoka kulia unakuonyesha kwamba ulikotoka ni kushoto. Ila msaada huo usimfunge mtu mikono. Gusa kitufe cha kurudi mpito ukiwa njiani: skrini nzuri hugeuzia palepale ilipofika, mbovu hukungojesha hadi imalize. Milisekunde 250 zisizokatizika, mara menyu nne, ni sekunde nzima. Kifaa cha namna hiyo, hata fremu zake zisipotetereka, usikinunue.