Programu ya Sataranji: Kasi Bila Kuchagua Haifiki Mbali

Ukianza kuandika programu ya sataranji, utakutana mapema na ushauri huu: ongeza kasi ya kuzalisha hatua, yaani kuorodhesha hatua zote halali za mchezaji. Ushauri si mbaya. Tatizo ni kwamba unatolewa kama dawa ya kwanza.

Uzuri wake upo. Ubao una vyumba 64, na kompyuta nyingi za leo hushika namba ya biti 64 kwa mkupuo mmoja. Askari wote weupe wanaingia kwenye namba moja: chumba chenye askari ni 1, kisicho naye ni 0. Sogeza namba hiyo biti 8, askari wote wanane wamesonga mbele kwa pamoja. Fasta kweli!

Sasa piga hesabu. Tuseme kuzalisha hatua kunakula asilimia 20 ya muda wa programu yako. Hata ukiufuta muda huo wote, programu itakwenda kasi mara 1.25 tu. Wiki ngapi zimeishia hapo?

Kwa upande mwingine, chukua mchezo ambao kila zamu ina hatua 30. Kuangalia zamu sita mbele ni njia milioni 729. Mbinu ya alfa-beta, hatua zikipangwa vizuri kabisa, hufikia jibu lile lile kwa kukagua njia kama 54,000. Ni kama kununua maharage sokoni Tarakea: ukishaona gunia hili lina wadudu kuliko lile ulilokwisha kulipata, hulimwagi lote chini kulihesabu punje. Unasonga kwenye gunia jingine.

Tena, ujanja wa biti hauhami kirahisi. Jaribu kuupeleka kwenye bao letu la mashimo 32 na kete 64. Shimo haliishii 0 au 1. Linaweza kuwa na kete kibao, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mara nyingi safari inaendelea. Kujua hatua inaishia wapi, lazima uicheze yote. Alfa-beta, lakini, inafanya kazi kotekote.

Kwa hiyo, wewe mwenye kompyuta ya kawaida, anza na usahihi: tangu mwanzo wa sataranji, hesabu ya njia lazima itoke 20, 400, 8,902, kisha 197,281. Halafu weka alfa-beta, panga hatua, upime muda unapotea wapi. Kama vipimo vitasema uzalishaji wa hatua ndio unaokuchelewesha, hapo sawa, zigeukie biti.