Mifupa Ilivunjika, Lakini Watu Wako Wapi?

Aliyefuatilia mjadala wa lini binadamu aliingia Amerika hajasahau Aprili 2017. Jarida la Nature lilichapisha makala iliyodai kwamba California ilikuwa na watu miaka 130,000 iliyopita, zaidi ya miaka 100,000 kabla ya tarehe zilizokuwa zikikubalika. Ushahidi wenyewe: mifupa ya mastodoni mmoja, mnyama wa kale anayefanana na tembo, na mawe makubwa matano. Kuruka kutoka kwenye mfupa uliovunjika hadi kwa mtu aliyeuvunja ulikuwa uamuzi mbovu siku ile, na miaka iliyofuata haijausaidia.

Eneo hilo, liitwalo Cerutti, liliibuka mwaka 1992, mafundi wakitengeneza barabara kuu ya 54 mjini San Diego. Uchimbaji ulikuwa wa makini, na upimaji wa umri kwa urani na thori, kazi ya James Paces, ni wa kuheshimika. Tuyaache hayo.

Tatizo linaanza pale Steven Holen, Thomas Deméré na wenzao walipoamua nani alaumiwe kwa mivunjiko ile. Hoja yao ilikuwa hivi: mifupa ilivunjika ingali mibichi, vichwa viwili vya mifupa ya paja vililala kandokando, pembe moja ilisimama wima ardhini, na mawe yale, yaliyo mazito kupita kiasi cha kusombwa na maji yaliyoleta udongo laini wa hapo, yalikuwa na michubuko. Kwa hiyo mawe ni nyundo na fuawe, na penye nyundo pana mkono.

Ili kuthibitisha, walifika mpaka Tanzania. Walipata mifupa ya tembo aliyekufa, wakaipiga kwa jiwe kubwa lililofungwa kwenye mpini wa mti, nayo ikapasuka kwa mivunjiko ya mzunguko kama ile ya San Diego. Jaribio hilo lilisifiwa sana, na ndilo linaloudhi kuliko yote. Limeonyesha kwamba mtu mwenye jiwe anaweza kuvunja mfupa wa tembo. Nani alibisha? Ni sawa na kukuta chungu kimevunjika uani, ukampa mtoto chungu kingine akivunje mbele ya mashahidi, kisha ukamhukumu kwa kile cha kwanza. Kazi ya mtafiti ilikuwa kuwaondoa watuhumiwa wengine mmoja mmoja, na katika orodha hiyo mtuhumiwa mkubwa alikuwa amesimama palepale na injini yake inawaka: mitambo ya barabara.

Mwaka 2018 Joseph Ferraro na wenzake walilisema hilo katika jarida lilelile, kwamba uzito wa mitambo ya ujenzi unaweza kuvunja mifupa iliyozikwa kwa namna kama ile. Timu ya Holen ilijibu kwamba baadhi ya mivunjiko imefunikwa na ukoko wa chokaa, hivyo ni ya kale. Na wapewe hilo. Mvunjiko wa kale bado si mvunjiko wa mtu. Hakuna zana hata moja iliyochongwa, wala alama ya kukata nyama. Aliyefanya kazi hiyo naye hajulikani: wametajwa Neanderthal, Denisova na Homo sapiens wa kale, msomaji achague mwenyewe. Utafiti wa 2020 uliokuta masalia ya mfupa juu ya mawe nao hauongezi mengi, kwa kuwa mawe hayo yalilala katikati ya mifupa iliyosagika.

California ilishaliona jambo hili. Miaka ya 1960 Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete na bingwa wa Olduvai, alishawishika kwamba mawe ya Calico, katika jangwa la Mojave, yalichongwa na watu wa kale mno. Mwaka 1970 wataalamu walialikwa wayaone, na wengi wao waliona mawe yaliyovunjwa na nguvu za asili. Mkewe, Mary Leakey, hakuamini tangu mapema, na jambo hilo lilichangia kuwatenganisha. Safu hii haijawahi kuficha upande wake katika ugomvi huo. Mary ndiye aliyeainisha zana za Olduvai kipande kwa kipande, na kwake jiwe lilipaswa kujieleza lenyewe, hata kama mumewe alikuwa amekwisha kuita waandishi wa habari.

Anayedhani ukali huu ni mabaki ya "Clovis kwanza", ile imani kwamba watu wa utamaduni wa Clovis ndio waliotangulia Amerika, amtazame Tom Dillehay. Walinzi wa imani hiyo walimsumbua kwa miaka, na safu hii imewalaumu mara nyingi kwa hilo. Lakini Dillehay, aliyeanza kuchimba Monte Verde nchini Chile mwaka 1977, alileta mbao zilizokatwa, kamba zilizofungwa mafundo, mabaki ya mwani na unyayo wa mtoto, akachapisha vitabu viwili vizito, kisha mwaka 1997 akawapeleka wapinzani wake wakajionee. Miaka 14,500 ilikubaliwa. Katika eneo hilohilo alikuwa na tarehe nyingine ya kuvutia zaidi, kama miaka 33,000, ila ushahidi wake ulikuwa mdogo, akaiacha bila hukumu. Holen na Deméré walikuwa na ushahidi mdogo vilevile, wakadai umri wa karibu mara nne ya huo.

Wa karibuni waliofuata njia ya Dillehay ni watafiti wa White Sands, New Mexico. Mwaka 2021 walitangaza nyayo za miaka 21,000 hadi 23,000, wakategemea mbegu za mmea wa majini. Wakosoaji wakasema mmea huo hufyonza kaboni ya zamani iliyomo majini na kuzidisha umri. Mwaka 2023 timu ikarudi na chavua ya miti ya nchi kavu pamoja na vipimo vya mwanga kwenye chembe za kwatzi, na tarehe zikalingana. Tena hizo zilikuwa nyayo, za vidole vitano, ambazo katapila haziwezi kuziacha. Cerutti haijapata eneo la pili la umri wake lililokubalika popote Amerika, na hesabu ya bara hilo kwa sasa ianzie White Sands.