Neno "Boma" katika Karatu na Ngorongoro

Kiingereza kina jina moja, hedger, kwa mtu apandaye ua na kuupogoa. Jina hilo lilitoka shambani likamwendea mfanyabiashara ajikingaye na mabadiliko ya bei, kisha msemaji akwepaye kujibu. Maana, basi, ilimfuata mtu asimamaye nyuma ya ua. Kiswahili kilishika njia nyingine: neno boma lilikuwa kizuizi, na maana yake ikahamia kwa vile vilivyozungushiwa kizuizi hicho. Tofauti hii haijapewa haki yake katika kamusi.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 huanzia katika kizuizi cha kujihami na kufika hadi ofisi ya serikali. Mpango huo si mbaya, na ushahidi wake ungali umesimama: Boma la Arusha, ngome ya Wajerumani ya mwaka 1900, ambayo leo ni makumbusho. Ama ile hadithi waambiwayo watalii, ati boma ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza, haina msingi wowote. Stanley alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1872, miaka mingi kabla Mwingereza hajaitawala Tanganyika.

Kosa liko katika desturi ya kuyapanga ua, uzio na boma kama visawe. Hapo kitenzi ndicho shahidi bora. Ua wa minyaa hupandwa na kupogolewa. Uzio wa waya huzungushwa. Lakini boma la Ngorongoro laweza kuhama. Asemaye kwamba boma limehama hana maana kwamba miiba ya migunga imebebwa. Yamkini miiba imeachwa ioze pale pale. Waliohama ni watu na mifugo yao. Kiswahili hapa kinabeba dhana ya Kimaasai ya enkang: mviringo mmoja wa miiba, ndani yake jamaa kadhaa, kila jamaa na lango lake la kupitishia ng'ombe, na kwa kila lango nyumba za wake, ambazo hujengwa na wanawake wenyewe.

Ukiteremka hadi Karatu, neno hilo hilo lina kazi tofauti. Wairaqw wa zamani hawakuutegemea ua. Tembe zao zilichimbwa katika ubavu wa kilima zisipate kuonekana kwa mbali. Leo fundi wa mjini Karatu asemapo kwamba boma limefika kwenye lenta, anazungumzia kuta za matofali zisizo na paa. Likishapauliwa si boma tena, ni nyumba. Matumizi haya yameenea Tanzania nzima, hata katika hotuba za bajeti, ambamo hutajwa maboma ya zahanati na ya madarasa yanayongoja kukamilishwa. Kwa hiyo kule juu boma huitwa boma kwa sababu lina wakazi, na huku chini kwa sababu halijaweza kukaliwa.

Jambo hili si la kuwapumbaza wanaisimu tu. Tangu Juni 2022 jamaa za wafugaji wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katika nyumba zilizojengwa kwa hesabu ya kaya. Karani akiandika katika fomu "boma moja", mfugaji aweza kuelewa malango manne na wake kumi. Mhandisi aweza kuelewa kuta bila paa. Na karani mwenyewe, aliyezoea lugha ya sensa, aweza kuelewa kaya moja. Wote watatu wanasema Kiswahili fasaha, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Kaya, tena, si tafsiri ya lango, maana mume mwenye wake watatu ana lango moja na nyumba tatu.

Yafaa watunga kamusi walitenge neno hili katika vidahizo vidogo, kila kimoja na kitenzi chake: boma hujengwa kwa ngome, boma huhama kwa wafugaji, boma hupauliwa kwa waashi. Na katika kile cha wafugaji hapana budi itajwe wazi kwamba boma moja huweza kuwa na kaya nyingi.