Heko kwa Wapiga Picha wa Studio

Wapiga picha wa studio wanastahili heko kubwa kuliko tunayowapa. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, ni mfano ninaouheshimu mno.

Enzi za mkanda wa filamu, kazi hiyo ilikuwa na mipaka, na mipaka ndiyo iliyowafanya makini. Mkanda wa namba 120 ulitoa picha 12 tu katika kamera za picha za mraba. Ule wa milimita 35 ulitoa hadi 36. Kila kubofya kuligharimu mkanda, dawa na karatasi. Kwa hiyo mpiga picha alikutazama kwanza. Alikunyooshea kola, akakuinua kidevu kidogo, akasogeza taa mpaka kivuli cha pua kikae mahali pake, akambembeleza mtoto atulie. Ndipo akabofya, mara moja, labda mbili. Kisha akaingia chumba cha giza kuisafisha picha. Ulipoichukua, uliandika tarehe nyuma yake, ikatundikwa sebuleni. Wengi wetu, sura ya bibi tunaijua kwa picha moja kama hiyo.

Leo harusi moja huzaa mamia ya picha ambazo hata bibi harusi hamalizi kuzitazama. Urahisi huo wa kupiga picha ni neema, sikatai, lakini haujatupa umakini ule.

Wazazi wenu wangali hai? Wapelekeni studio iliyo karibu, wapigwe picha moja nzuri, mkamlipe fundi haki yake.