Kizingiti Kisichoandikwa: Tahakiki ya Uhamishaji wa Skani za Mawe ya Matumbawe katika Programu za Elementi Finiti

Katika sura za mbinu, hatua ya kuhamisha picha za tomografia ya eksirei kwenda katika programu ya elementi finiti aghalabu huelezwa kwa sentensi moja, kana kwamba ni kazi ya karani anayenakili waraka. Tahakiki hii inashikilia kwamba hatua hiyo ni ya ufasiri, na kwamba kuta kongwe za Mikindani, jirani na Mtwara, zinaonesha hatari ya kuinyamazia.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Jiwe na kiungio chake, kwa hiyo, vyote ni kalsiamu kaboneti. Tumbawe hujenga kiunzi chake kwa aragonaiti yenye densiti ya gramu 2.93 kwa sentimita ya ujazo. Chokaa, ikishafyonza hewa ya ukaa, huwa kalsaiti yenye 2.71. Katika mawe ya kale ya nchi kavu hata tofauti hiyo ndogo yaweza kutoweka, kwa kuwa aragonaiti hugeuka kalsaiti kadiri miaka inavyopita. Skana nayo haisomi majina ya madini: husoma kiasi cha eksirei kilichozuiwa na kukiandika kama daraja la kijivu. Chokaa ilipojipenyeza katika matundu ya jiwe, madaraja huingiliana. Mtafiti huchagua kizingiti, pengine kwa kanuni ya Otsu ya 1979, ambayo katika umbo lake la kawaida hugawa picha mafungu mawili tu. Hapo chokaa laini huhesabiwa kuwa jiwe, hupewa moduli ileile ya unyumbufu, na ukuta huonekana katika kompyuta kuwa na nguvu ambazo huenda hauna.

Ukubwa wa data nao una shuruti yake. Mchemraba wa milimita 10 kila upande, ukipigwa kwa vokseli za mikromita 20, una vokseli milioni 125. Azimio likipunguzwa nusu, idadi hushuka mara nane, lakini kuta nyembamba za kiunzi hukatika au matundu madogo huziba. Vokseli zikigeuzwa moja kwa moja kuwa elementi, uso wa tundu huwa ngazi ngazi, na mkazo unaosomwa pembeni mwa ngazi hizo ni zao la wavu, si la jiwe. Algorithimu ya Lorensen na Cline ya 1987 hupunguza ngazi hizo. Hata hivyo, faili la STL linalobeba uso huo kwa kawaida halitaji kizio cha urefu wala aina ya maada.

Tunakubali kwamba, pale sampuli mbili zinapochakatwa kwa namna moja ili zilinganishwe tu, sehemu ya makosa haya hufutana. Lakini anayeuliza kama paa jipya liwekwe juu ya ukuta wa zamani hatafuti ulinganisho.

Tena, sampuli haipatikani kwa urahisi mara ya pili. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na majengo ya kale hayakatwi ovyo; faili la skani huenda likaishi kuliko kipande kilichopigwa. Tasnifu ihifadhi basi picha ghafi, itaje kizingiti na ukubwa wa vokseli, na irudie hesabu kwa kizingiti kilichopandishwa na kilichoshushwa kidogo. Mwanya kati ya matokeo hayo mawili ndio unaostahili kuingia katika jedwali, badala ya namba moja yenye desimali nne.